Koso, mti wa Meru uliowahi kuuzwa kwenye famasia za Ulaya

Ukipanda Mlima Meru kwa njia ya Momella, ukishaupita ule mtini mkubwa ambao njia inapenya chini ya mizizi yake, msitu unaanza kubadilika taratibu. Ukikaribia kibanda cha Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari, na hata ukikiacha asubuhi ya pili kuelekea kibanda cha Saddle, utakutana na mti usiofanana na jirani zake. Shina limejipinda. Gome ni la kahawia iliyoelekea wekundu, na ukilipitishia kiganja linabanduka magamba magamba. Majani ni marefu, yamegawanyika vijani vingi vyenye meno pembeni, na upande wa chini yana mng'ao wa kijivu. Kwenye matawi zimening'inia zile ndevu za kuvumwani ambazo baridi ya juu hupenda kuziotesha. Msimu wa maua ukifika, vishada vinainama hadi nusu mita na zaidi: mti dume unatoa maua ya rangi iliyopauka, mti jike unatoa maua mekundu.

Huo ndio mti wa koso. Waongoza watalii wa hapa huutaja kwa jina lake la kitaalamu, Hagenia. Wageni wanaupiga picha kwa ajili ya umbo lake, askari mwenye bunduki anawahimiza wasogee kwa sababu nyati hawako mbali, na msafara unaendelea. Kilimanjaro nako upo, kule juu ambako msitu unakaribia kuisha. Kinachonisumbua kila ninapouona ni kwamba maua yale mekundu yaliwahi kuwa dawa ya kuandikiwa na daktari. Yalikuwemo kwenye kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza cha 1864, yakiwa na kipimo chake na matumizi yake: kutoa tegu, ule mnyoo mrefu bapa, tumboni.

Mimi ni mfamasia hapa Arusha mjini. Siku nzima niko kaunta, na "dada, nipe dawa ya minyoo" ni sentensi ninayoisikia kuliko salamu. Kwa hiyo mti huu nautazama kwa jicho la mtu anayeuza warithi wake, na naona una jambo la kutufundisha kuhusu dawa za asili ambalo halisemwi vya kutosha, si na wanaozisifia wala na wanaozidharau.

Tuanzie Ethiopia, maana huko ndiko elimu ya koso ilikozaliwa. Wahabeshi wamekula nyama mbichi ya ng'ombe kwa karne nyingi, tena kwa heshima na kwa sherehe, na anayekula nyama mbichi ya ng'ombe hukaa na tegu. Dawa yao ilikuwa maua ya mti huu. Walivuna vishada vya mti jike, wakavikausha, wakavisaga au kuvitwanga, wakachanganya na maji, wakanywa asubuhi tumbo likiwa tupu. Ilikuwa desturi ya watu wa kila daraja, wakubwa kwa wadogo, na wengi waliinywa kila baada ya miezi miwili hivi. Siku ya koso mtu alikaa nyumbani, kwa sababu ambayo yeyote aliyewahi kunywa haluli anaielewa.

James Bruce, msafiri kutoka Uskochi, alifika Gondar mwaka 1770 akauona mti na desturi yake, na katika safari zake zilizochapishwa 1790 aliueleza kwa kirefu. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Gmelin, akaupa jina la Hagenia kwa heshima ya Karl Gottfried Hagen, mfamasia wa Königsberg. Nakiri hilo linanipendeza. Baadaye kidogo daktari Mfaransa aitwaye Brayer, aliyekuwa akifanya kazi Istanbul, akaona koso ikitibu tegu kule, akapeleka habari Paris, na jina lake nalo likaganda kwenye mti kwa muda: Brayera. Kufikia katikati ya karne ya 19 maua yalikuwa yakivuka bahari yakiwa yamefungwa mafungu, yakiuzwa London na Paris kwa bei ya juu mno mwanzoni, kisha bei ikashuka mzigo ulipoongezeka.

Namna ya kuinywa Ulaya haikuwa tofauti sana na ya Gondar. Mgonjwa alifungishwa. Asubuhi alipewa unga wa maua, robo hadi nusu aunsi, yaani kati ya gramu 7 na 14 hivi, uliolowekwa kwenye maji ya moto, na ilimpasa aunywe wote pamoja na mashapo yake, bila kuchuja. Uchungu wake ulikuwa wa kutapisha, ndiyo maana baadhi ya madaktari waliagiza limau linyonywe kabla na baada. Tegu asipotoka kwa saa kadhaa, mgonjwa aliongezewa mafuta ya nyonyo. Tena maua yenyewe yalikuwa na masharti: ya mti dume yalikuwa dhaifu na yalitapisha zaidi, na yaliyokaa ghalani muda mrefu yalipoteza nguvu. Hebu fikiria mfamasia wa London, fungu limefika kwa meli kutoka Bahari ya Shamu, hajui limevunwa lini, dume na jike vimechanganyika kiasi gani. Anapima gramu zake kwa uangalifu wote. Gramu ni zilezile. Nguvu iliyomo ndani yake si ileile.

Hapo ndipo kiini cha habari hii kilipo kwangu. Koso ilifanya kazi. Watu hawanywi kitu kichungu namna ile karne kwa karne kwa mazoea tu. Ndani ya maua yale kuna kosotoksini na kemikali ndugu zake, nazo zinamshambulia tegu kweli. Lakini hakuna aliyeweza kumpa mgonjwa wa leo kipimo kilekile alichompa wa jana.

Ile miezi miwili nayo ina maelezo yake. Tegu ana kichwa kidogo sana, milimita moja au mbili, kilichojishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Nyuma ya kichwa kuna shingo, na shingo ndiyo inayozalisha vipande, kimoja baada ya kingine, hadi mnyoo wa ng'ombe anaweza kufika mita kumi. Vipande vya mwisho vinakomaa, vinakatika, vinatoka vyenyewe. Dawa ikiondoa mita zote hizo ikaacha kichwa na shingo, baada ya miezi miwili au mitatu mnyoo umekamilika tena. Desturi ya kunywa koso kila baada ya miezi miwili inaendana na kalenda hiyo hasa: nyama mbichi ilileta tegu wapya, na dozi iliyopungua nguvu iliacha vichwa vya wale wa zamani. Watu waliihesabu miezi hiyo wenyewe, kwa miili yao, bila darubini, na wakaihesabu sawasawa. Mimi hilo linanijaza heshima.

Kisha kuna macho. Madaktari nchini Ethiopia waliandika kuhusu watu waliokunywa koso nyingi kupita kiasi wakapoteza uwezo wa kuona, wengine moja kwa moja, kwa sababu sumu ilikuwa imeharibu neva ya macho. Wajawazito nao walikuwa hatarini, kwani koso huweza kuharibu mimba. Dozi ndogo inaacha kichwa cha tegu, dozi kubwa inachukua macho ya mtu, na nafasi iliyopo katikati ni nyembamba, tena inahama kulingana na umri wa maua.

Koso haikuwa peke yake katika hili. Kangaga dume la Ulaya, ambalo mizizi yake ilitumika kutoa tegu tangu zamani, lilikuwa na sifa hiyohiyo. Mwaka 1775 mfalme Louis XVI wa Ufaransa alilipa livre 18,000 kununua siri ya dawa ya tegu ya mjane mmoja wa Uswisi, Madame Nouffer, na siri ilipofunuliwa ikawa ni mizizi ya kangaga. Dawa hiyo ilidumu hadi karne ya 20, na kwa muda wote huo iliwapofusha baadhi ya waliozidishiwa. Kemikali zake ni za ukoo mmoja na za koso. Madaktari walifundishwa hata wasimpe mgonjwa wa kangaga mafuta ya nyonyo kama haluli, wampe ya chumvi, kwa sababu mafuta yaliaminika kuiingiza sumu mwilini badala ya kuitoa.

Na santonini, iliyotengwa Ujerumani mwaka 1830 kutoka vichipukizi vya maua ya Artemisia cina, mmea wa nyika za Turkestan, Asia ya Kati. Hii ilikuwa ya minyoo mviringo, na ilipendwa hasa kwa watoto. Haikuwaua minyoo, iliwalegeza, kisha haluli ikawafagia. Chembe zake nyeupe hugeuka njano zikipigwa na jua na hata kupasuka, ndiyo maana zilitunzwa kwenye chupa za giza. Mtoto aliyepewa nyingi alianza kuona kila kitu njano: ukuta, mkate, uso wa mama yake. Waliozidishiwa zaidi walipata degedege. Ilitawala hadi miaka ya 1950 ilipokuja piperazini. Wakulima wa huku kwetu Arusha waliowahi kulima Artemisia annua kwa ajili ya dawa ya malaria wameshika jamaa wa karibu wa mmea huo mikononi mwao, na hiyo ya malaria imefanikiwa kwa sababu kiini chake, artemisinini, kilitolewa kwenye majani, kikapimwa, kikawekwa kwenye kidonge chenye miligramu zinazojulikana.

Dawa tatu za mimea, mabara tofauti, na zote tatu ziligusa macho ya watu. Ndiyo maana nikisikia kipaza sauti sokoni kikitangaza "dawa ya asili, haina kemikali, haina madhara," moyo unaniuma. Anayesema hivyo anaivunjia heshima dawa yenyewe. Kitu chenye uwezo wa kumng'oa mnyoo wa mita kadhaa kwenye utumbo kina nguvu, na nguvu haijui kuchagua kati ya mnyoo na mwenye mnyoo isipokuwa kwa kipimo.

Alikuja mzee mmoja wa Kimaasai, anatoka upande wa Monduli, shuka lake limekunjwa vizuri begani. Nikamwamkia, akaitika, akasubiri wateja wawili waondoke. Kisha akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa, akakifungua juu ya kioo cha kaunta kwa kidole kimoja. Ndani kulikuwa na vipande vitatu bapa, vyeupe, vimeanza kukauka kingo.

"Mwanangu, hawa nimewafukuza. Nilikunywa olmukutan, ikanisafisha vizuri kabisa. Sasa hawa hapa tena."

Olmukutan ni gome la mti ambao wanasayansi wameuita Albizia anthelmintica, dawa ya minyoo inayojulikana sana kwa wafugaji wa Afrika Mashariki, na Ethiopia pia wanaitumia. Nikamuuliza huwa wanapimaje. Akafungua kiganja. "Hivi." Nikamuuliza kama baba yake naye alipima hivyo. Akacheka, akasema baba yake alikuwa na mikono mikubwa.

"Baba, ulipoinywa, uliona kichwa kikitoka?"

"Kichwa cha nini? Hawa wana kichwa?"

Nikachukua boksi tupu la dawa, nikamchorea upande wa nyuma: kichwa kidogo, shingo, halafu vipande hadi mwisho wa karatasi. Alikishika kile kiboksi muda mrefu, akakigeuza kwenye mwanga.

"Kwa hiyo nilikuwa nafukuza watoto," akasema, "mwenye boma yuko ndani amekaa."

Sijawahi kusikia daktari akieleza tegu vizuri kuliko hivyo. Sikumuuzia kitu siku ile. Nilimwomba aende kituo cha afya na gazeti lake, waangalie ni tegu wa ng'ombe au wa nguruwe, wampime uzito, kisha waandike. Mzee wa rika lake, mla ng'ombe, uwezekano mkubwa ni wa ng'ombe, lakini kukisia ndiko kulikowaponza waliotutangulia. Alipouliza dawa yenyewe ni kiasi gani, nikamwambia mtu wa kilo 60, kwa miligramu 10 kwa kila kilo, anahitaji prazikwanteli miligramu 600, yaani kidonge kimoja. "Kimoja tu?" Kimoja tu. Mtu huyohuyo akiwa na kichocho atapewa vinne kwa mkupuo. Kemikali moja, ugonjwa tofauti, hesabu tofauti, na hesabu yenyewe imeandikwa.

Kama umesoma au una mtoto shule ya msingi, umeshaiona hesabu hiyo ikifanyika bila kuijua. Siku ya dawa za kichocho, watoto wanasimama mmoja mmoja kwenye ubao mrefu wenye alama, mwalimu anaangalia utosi umefika wapi, anahesabu vidonge kulingana na alama. Ule ubao unasimama mahali pa mizani. Kwangu ni moja ya vifaa vizuri kabisa vilivyowahi kuingia shuleni, ingawa hakuna anayeupiga picha.

Mwaka 2011 mkoa huu uliona misururu ya magari kwenda Samunge, Loliondo, watu wakienda kunywa kikombe cha dawa ya asili kwa shilingi 500. Wengi wetu tuna ndugu aliyekwenda. Siandiki kumbeza yeyote. Watu walikuwa wanaumwa na wamechoka. Ninachokikumbuka kama mfamasia ni kwamba kikombe kilikuwa kimoja kwa wote, kwa mwenye kilo 90 na mwenye 40, kwa anayetumia dawa nyingine na asiyetumia. Nchi hii ina Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, na ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002. Kazi ya kupima mimea yetu inawezekana kufanyika hapahapa, na watu wanaoijua wapo. Nataka ifanywe kwa olmukutan kabla mzee mwingine hajapima kwa mkono mkubwa kuliko wa baba yake.

Koso yenyewe iliondoka kwenye famasia bila kelele. Miaka ya 1960 ikaja niklosamidi, miaka ya 1970 ikaja prazikwanteli, na nani angerudi kwenye unga wa maua unaotapisha? Mti ukabaki msituni. Kwenye Hifadhi ya Arusha na ya Kilimanjaro unalindwa, lakini moto wa kiangazi unapopanda hauulizi mipaka, na ni mti wa pekee: katika jenasi yake hana ndugu mwingine duniani. Mbao zake nyekundu nazo zimeuponza sehemu nyingi za Afrika. Ningependa waongoza watalii wetu wasimame dakika moja pale Miriakamba wamsimulie mgeni habari ya Gondar na ya macho. Wageni wengi wanatoka nchi ambazo mababu zao waliyanywa maua hayo. Na tafadhali, mtu asije akachuma kishada akaenda kuchemsha nyumbani kwa sababu amesoma hapa.

Tegu bado yupo. Nyama choma ya Kwa Mrombo ni tamu, nami naila, lakini naomba iive mpaka ndani, na nanunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Kitimoto ndiyo ya kuogopa zaidi. Tegu wa nguruwe ana tabia ambayo wa ng'ombe hana: mayai yake yakimwingia mtu mdomoni, kwa mikono isiyonawa au maji machafu, yanaanguliwa na kwenda kujenga vifuko mwilini, pamoja na kwenye ubongo. Watafiti wa hospitali ya Haydom, Mbulu, wameonyesha kwamba sehemu ya wagonjwa wa kifafa wa eneo lao wana vifuko hivyo kichwani. Mtu anaweza kuvipata hata kama hajawahi kuonja nyama ya nguruwe, akiishi tu na jirani asiye na choo. Kwa hiyo choo na nguruwe aliyefungiwa bandani vinafanya kazi ambayo koso haikuweza, wala prazikwanteli haiwezi peke yake.

Na kama leo umeona vipande vyeupe bapa chooni au kwenye nguo, usinunue kidonge kimoja cha albendazoli ukajiona umemaliza. Dozi moja ya albendazoli ni nzuri kwa minyoo mviringo. Kwa tegu haitegemeki. Chukua kipande, kiweke kwenye kichupa chenye maji kidogo, kipeleke kituo cha afya, wala usione aibu. Wahudumu wameona mengi. Wakikuandikia prazikwanteli, na uliwahi kuanguka kifafa hata mara moja, au unaumwa kichwa kisichoeleweka, waambie kabla hujameza, kwa sababu dawa hiyo ikikuta vifuko kwenye ubongo inaweza kukuletea degedege. Ukifika kwangu na cheti, nitakuomba upande kwenye mizani kwanza.